Komeo la Nje

Shemeji alinipigia simu jioni, nikiwa nafagia vumbi la mbao karakanani. Alitaka komeo kwenye mlango wa stoo. Kazi ndogo. Nikatia bisibisi, nyundo na komeo moja kwenye kikapu, nikaenda huku nimekunja uso. Mume wa mdogo wangu sijawahi kumpenda, na sitaanza leo.

Zamani alikuwa fundi saa, mtu wa mikono mitulivu. Halafu akaanza kusikia sauti. Hospitali walimpa vidonge, sauti ikanyamaza, tukapumua. Ndipo wale wa nyumba ya maombi wakamwambia yale si maradhi, ni wito, na vidonge vinamziba masikio. Mdogo wangu akavimwaga chooni kwa mkono wake mwenyewe, nao wakampigia makofi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala nyumba ile baada ya hapo.

Mdogo wangu ndiye aliyenifungulia. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi likaziba.

"Nimejigonga mlangoni, dada."

"Milango natengeneza mimi. Najua inavyogonga watu."

Akanipisha niingie. Ndani, madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi. Na harufu… mafuta ya taa. Nzito, inakaba koo. Dumu lilikuwa ukutani, karibu na mlango wa stoo, kifuniko kimetolewa.

Kitasa cha mlango ule kilikuwa kimefungwa kwa waya wa umeme kwenye nondo ya dirisha. Shemeji alisimama pembeni, amekonda, kiberiti mkononi, anatabasamu.

"Liwe kwa nje," alinong'ona.

"Kwani stoo ina kitu gani cha kutoroka?"

"Usipaze sauti. Kinasikia."

Kwaru… kwaru…

Kucha kwenye ubao. Chini kabisa.

"Mama mkubwa?"

Moyo ulinipiga pa! Alikuwa binti yao. Tulimwita Chiriku, maana tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza, hata chakula akila anahadithia. Sasa sauti ilikuwa nyembamba, imekauka.

"Si yeye," shemeji alisema kwa upole. "Wetu alichukuliwa. Hicho kimevaa sura yake tu. Nimeagizwa kifungwe kwanza. Halafu moto."

Nikamtazama mdogo wangu anipe hata ishara. Alikuwa anatazama sakafu.

Nipige kelele? Na kiberiti kile? Nikapiga goti, nikajitia kukagua bawaba. Mlango ulifungukia koridoni, kwa hiyo pini za bawaba zilikuwa upande wetu. Nikasema naye kama fundi na fundi mwenzake.

"Bawaba zimelegea, shemeji. Komeo halitashika nisipozifungua nikazikaza upya. Niletee ile tochi yako ya kutazamia saa."

Aliinama, akazichungulia kwa muda mrefu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda chumbani.

Nikagonga pini ya chini. Ikatoka. Ya juu ikagoma.

"Kaza…"

Mnong'ono. Nyuma ya sikio langu, na pumzi baridi juu yake. Nikageuka.

Hapakuwa na mtu. Mdogo wangu alikuwa kule mwisho wa korido, mdomo umefumba.

Nikagonga kwa nguvu zangu zote. Pini ikaruka. Nikaitupa nyundo chini, nikauvuta mlango upande wa bawaba, nikapenyeza mkono gizani. Vidole vidogo vikaudaka. Nikamvuta Chiriku, nywele zake zinachuruzika mafuta ya taa, nikambeba.

"Mwache afungwe, dada." Mdogo wangu alikuwa amenizibia njia. Mama yake mzazi!

Nilimsukuma akaanguka. Shemeji alikuwa amesharudi; nyundo yangu mwenyewe, mkononi mwake, ikanipata begani kutoka nyuma. Bega hili mpaka leo halinyanyuki. Sikusimama. Nilitoka nikipiga mayowe, na majirani wakajaa, wale wale waliokuwa wametia pamba masikioni miezi yote ile.

Shemeji sasa yuko wodini. Amerudishiwa vidonge, na akikumbuka analia. Daktari alinieleza vizuri kwamba ni ugonjwa, na sauti zinatoka kichwani mwake mwenyewe. Ninamwamini. Ile "kaza" nilijiambia ulikuwa woga wangu tu.

Chiriku anaishi nami. Haongei sana siku hizi. Halali mpaka niache mlango wazi.

Jana, giza likianza kuingia, mdogo wangu alikuja karakanani, mara ya kwanza tangu siku ile. Jicho limepona. Ameoga, amesuka nywele, anatabasamu. Nilifurahi jamani, machozi yakanilengalenga. Kisha akasogea, na harufu ikanifikia…

Mafuta ya taa.

Akafungua mkoba, akaweka komeo jipya juu ya meza yangu.

"Nimekuja kumchukua mwanangu. Ila kwanza njoo uniwekee hili, dada. Kwa nje."

"Nani kakutuma?"

Alipinda shingo kidogo, kama mtu anayenong'onezwa jambo. Tabasamu halikumtoka. Chiriku alikuwa amejificha nyuma yangu, ameikamata sketi yangu kwa mikono miwili.

"Kaza…"

Mdomo wa mdogo wangu ulikuwa umefumba. Shemeji yuko wodini, mbali. Nilimtazama usoni, nikaishika nyundo.

"Mama mkubwa," Chiriku alinong'ona, "na wewe umeisikia?"

Nikamwambia hapana.