Nusu ya Uwanja ya Drusilla

Siku ya soko Sotik hakuna anayepita bila kusukumwa. Mwezi wa tisa mwaka wa 1970, Nyambeki binti Mosoti alikuwa akijipenyeza kati ya magunia ya wimbi na madebe ya maziwa, kitambaa cha njano kichwani, sketi nyeupe ya marinda aliyoishona mwenyewe, na raketi ya tenisi kwapani. Raketi hiyo ilimchoma kijana mmoja mbavuni. Kijana akageuka tayari kugomba, akamwona aliyemchoma, na ugomvi ukamwisha papo hapo. Wanaume, bwana.

"Hilo chujio lako ni kubwa sana, dada," alisema. "Kwenu mnakunywa chai watu wangapi?"

"Tunatosha. Na wewe hukualikwa."

Kijana alikuwa amevaa suruali pana chini kiasi cha kufagia soko zima, na shati la kola ndefu lililopigwa pasi likanyooka. Lakini si nguo zilizomfanya Nyambeki asimame. Ilikuwa sauti yake. Aliisikia kila siku ikitoka kwenye simu ya klabu ya mameneja wa chai, ambako baba yake alikuwa mtunza uwanja.

"Wewe ni yule wa simu," alisema. "Kipchirchir."

"Na wewe ni yule wa kuitisha mashine ya nyasi kila saa nne. Nilidhani ni mama mzee wa watoto saba."

Walicheka, wakanunua ndizi mbivu, wakala wakiwa wamesimama. Jioni hiyo Kipchirchir alirudi kwao Ndanai akiwa amesahau sukari aliyotumwa na mama yake.

Shamba la chai walikofanya kazi, nje kidogo ya Kericho, lilikuwa na kituo chake cha simu: chumba kidogo kando ya ofisi, ubao wenye matundu na waya, na Kipchirchir amekaa mbele yake na vyombo vya kusikilizia masikioni. Simu zote za kuingia na kutoka zilipita mikononi mwake. Hata telegramu zilisomwa kwake kwa simu kutoka posta, naye akaziandika na kuzituma kwa wenyewe. Mtu mwenye kazi kama hiyo hapaswi kupenda, lakini nani alimwuliza? Klabu ilianza kupigiwa simu zisizo na kichwa wala miguu.

"Napima tu kama laini iko sawa," alikuwa akisema.

"Ulipima asubuhi."

"Asubuhi laini ilikuwa sawa. Ni mimi sikuwa sawa."

Sasa tuseme habari ya tenisi, maana ndiyo iliyowakutanisha na ndiyo iliyotaka kuwatenganisha. Nyambeki alijifunza kwa kupiga mpira kwenye ukuta wa stoo ya baba yake. Siku moja wake wa mameneja walikosa mtu wa nne, wakamwita kwa mzaha, na mzaha ukawaishia mdomoni. Mwaka wa 1971 alipelekwa kwenye mashindano Nairobi, na huko akakutana na Drusilla Amolo, binti ya karani wa reli, mrefu, mkavu wa maneno, mwenye mkono kama wa mpasua kuni. Kila mmoja akicheza peke yake alitolewa mapema. Wakiwa wawili upande mmoja wa neti, Drusilla nyuma akipiga kwa nguvu, Nyambeki mbele akimalizia, waliwashinda wanawake waliolelewa kwenye nyumba zenye viwanja vyake.

Wakala mmoja Mwingereza aliyeitwa Alexander aliwaona, akawapa mkataba wa kucheza Ulaya kama kazi. Ulikuwa mkataba wa wawili. Sahihi mbili, karatasi moja; mmoja akitoka, karatasi imekufa. Misimu miwili, 1972 na 1973, walizunguka miji ambayo Mosoti hakuweza kuitamka, wakilala chumba kimoja, wakinywa chai isiyo na maziwa, wakiitana uwanjani "Yangu!" na "Yako!" mpaka wakawa hawahitaji kuitana tena. Nyambeki aliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya, na hakuona haya kusema hivyo.

Kila msimu ulipokwisha alirudi nyumbani, na nyumbani kulikuwa na sheria. Nyumba za laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, zilikuwa za kampuni, na mtu mzima hakuruhusiwa kulala humo bila namba ya kazi. Hivyo mwanamke aliyepigiwa makofi Ulaya mwezi wa tisa, mwezi wa kumi na moja alikuwa na kikapu mgongoni, akichuma majani mawili na kichipukizi, nyapara akimwambia aongeze mwendo. King'ora cha kiwanda kilimwamsha. King'ora kilimruhusu kula. Kokote alikotazama kulikuwa na chai, imekatwa sawasawa hadi kwenye ukingo wa kilima, na nyuma ya kilima kuna chai nyingine. Vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, na ule ugumu wa kiganja aliopata kwa raketi ukaanza kulainika mahali pake na kuota mahali pengine.

"Mpaka Januari tu," alimwambia Kipchirchir. Drusilla angepiga simu kabla ya tarehe kumi na tano kusema mkataba mpya uko tayari. Msimu mmoja zaidi, halafu waoane.

Kipchirchir alisema sawa. Lakini alikuwa amesema sawa mwaka jana, na mwaka juzi. Mama yake, Chepkosgei, alikuwa ameacha kuuliza kama msichana ni Mkisii; sasa aliuliza kama yupo kweli, au mwanawe anaoa waya.

Simu ilikuja tarehe kumi, asubuhi.

"Nipe Nyambeki Mosoti, tafadhali. Ni Drusilla, kutoka Nairobi."

Alichotakiwa kufanya ni kuingiza waya kwenye tundu la klabu na kumwita Mosoti. Kazi ya sekunde mbili. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, "Hayuko." Baadaye alijiambia kwamba hakukusudia, kwamba angempa ujumbe jioni. Jioni alimwona Nyambeki akija na kikapu, amechoka, akamwegemea begani, naye akampokea kikapu bila kuutaja ujumbe. Tarehe kumi na mbili Drusilla alipiga tena. Akamwambia laini ya klabu imekatika. Tarehe kumi na nne posta wakasoma telegramu. Akaiandika kwa mwandiko wake mzuri, akaikunja, akaitia mfukoni.

Nyambeki alingoja. Kila siku saa ya chakula alikimbia klabuni na kikapu mgongoni, akamwuliza baba yake kwa macho tu, na Mosoti akatikisa kichwa. Tarehe kumi na tano ikapita, na ishirini ikapita. Alimwomba Kipchirchir ajaribu ofisi ya Alexander huko Nairobi. Kipchirchir akaja na jibu kwamba Nairobi hawapatikani. Mosoti akamshauri aandike barua, lakini Nyambeki alikuwa na kiburi cha watu wa kazi yake: mwenzako wa uwanjani humbembelezi akutake. Akitaka kuwa upande wako, atakuita. Akinyamaza, ameshapata mwingine.

Mwanzoni mwa Februari, kwenye njia ya kiwandani, Kipchirchir aliuliza kwa mara ya kumi, na safari hii alijibiwa.

"Sawa. Tuoane."

"Umefurahi?"

"Nimechoka kungoja, Kip. Mlango ule umefungwa. Wewe ndiye uliyebaki wazi."

Maneno hayo angeyapokea mwanamume mwingine kama asali. Kipchirchir aliyapokea akaenda kulala bila kula. Harusi ikapangwa mwezi wa nne. Chepkosgei akaanza kuimba jikoni, na upande wa Mosoti wazee wakaahidi kuja kuzungumza. Kila mtu alikuwa na furaha isipokuwa wale wawili, na hilo halikumsumbua yeyote.

Jumapili moja mameneja walikuwa wamekwenda mashindano ya gofu, uwanja ukabaki mtupu. Kipchirchir alipitia klabuni kumchukua mchumba wake akamkuta anacheza na baba yake. Mosoti, na miaka yake hamsini na tano na gambuti zake, alikuwa anarusha mipira upande wa pili wa neti. Nyambeki alivaa ile sketi nyeupe ya marinda, imempwaya kiunoni, maana chai haimnenepeshi mtu. Alikuwa anapiga vizuri. Kipchirchir akaegemea waya wa uzio atazame.

Mpira mmoja ulikwenda nyuma, upande wa kushoto. Ulikuwa mpira rahisi, hata mtoto angeufikia. Nyambeki hakusogea. Mwingine ukaenda palepale, naye akabaki mbele, magoti yamekunjwa, macho kwenye neti, akimwachia nafasi mtu ambaye hayupo. Mpira wa tatu ulipompita alisema polepole, "Yako."

Kisha akasikia alichosema, akaweka raketi chini na kukaa kwenye nyasi. Mosoti akajifanya anafunga viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Kipchirchir aliingia uwanjani na viatu vyake vya mjini, jambo lililokatazwa, wala Mosoti hakumkataza. Alichutama mbele ya Nyambeki, akatoa karatasi.

"Nipige ukitaka," alisema. "Lakini soma kwanza."

Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. MKATABA TAYARI. ALEXANDER ANATAKA JIBU IJUMAA AU ATANIPA MWINGINE. NAKUNGOJA WEWE. DRUSILLA.

Nyambeki aliisoma mara mbili. Hakulia.

"Alipiga simu pia?"

"Mara mbili. Nilimwambia hupo. Halafu nikamwambia laini imekatika."

"Na siku ile, njia ya kiwandani. Nilipokukubali. Hii ilikuwa wapi?"

Kipchirchir aligusa mfuko wa shati.

"Ilikuwa hapo," alisema Nyambeki. "Nilikuwa nimeweka kichwa changu hapo."

Mosoti alikuja, akaichukua karatasi, akaitazama ingawa hakujua kusoma Kiingereza wala Kiswahili. Alimwambia kijana maneno machache: kwamba yeye amekata nyasi za watu miaka ishirini ili mtoto wake asizikate, na kwamba sasa aondoke kabla mzee hajasahau Ukristo wake.

Asubuhi ya Jumatatu, Nyambeki hakwenda kuchuma chai. Aliingia moja kwa moja kwenye chumba cha simu, mahali ambapo mtu wa laini hakuruhusiwa kukanyaga, akasimama nyuma ya kiti cha Kipchirchir.

"Niunganishe na Nairobi."

Alimwunganisha. Ilichukua nusu saa. Drusilla alipopatikana, Kipchirchir akampa vyombo vya masikioni akatoka nje, akasimama mvuani kama mtu aliyefukuzwa. Mle ndani Drusilla alikuwa akisema alidhani mwenzake ameolewa na ameona haya kusema. Alikuwa amekwishatia sahihi na msichana wa Nakuru, na ndege yao ilikuwa Alhamisi. Mkataba huo ulikuwa wa mpaka Juni. Baada ya Juni hakuahidi kitu. Huyo wa Nakuru alikuwa mzuri. Lakini kama Nyambeki yuko tayari kuja Nairobi, kulala kwa shangazi yake na kufanya mazoezi bila mshahara, basi wataona.

"Ni mzuri kunizidi?" aliuliza Nyambeki.

"Anauliza kila mpira ni wa nani," alisema Drusilla.

Nyambeki alitoka nje. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye chai yote ile.

"Nakwenda kesho," alisema. "Pengine nimechelewa. Pengine nitarudi kwenye kikapu Julai, na utakuwa wewe uliyenirudisha."

"Najua. Nitakwenda kwa meneja kueleza mwenyewe." Kipchirchir alikuwa analowa, kola yake ndefu imelala. "Nyambeki, nilikupenda ndiyo maana—"

"Usimalize. Mimi pia nakupenda, na nina hasira kwa sababu hiyo. Ungekuwa mtu baki ningekutukana nikapanda basi."

"Basi niambie kama harusi imekufa."

Alifikiri. Kipchirchir alimwona anafikiri kweli, kama anavyofikiri mpira ukiwa hewani.

"Ile 'sawa' niliyokupa, nirudishie," alisema. "Ulinifungia milango yote, halafu ukaniuliza kama napenda chumba. Mimi sitaki kukukubali hivyo. Uniulize tena siku ambayo naweza kukataa."

Kampuni ilimtoa Kipchirchir kwenye simu, ikampeleka kupima majani kwenye kituo cha kununulia chai upande wa Roret, koti la mvua na mizani. Chepkosgei aliacha kuimba. Juni ikafika, na ikaja barua kwa Mosoti, akasomewa kanisani mbele ya watu: karatasi mpya, sahihi mbili, Nyambeki na Drusilla. Barua ya pili, ya kwake Kipchirchir, haikuja. Hata hivyo kila Jumapili alipanda baiskeli kutoka Roret hadi klabuni, akakaa kwenye ngazi za stoo ya Mosoti na suruali imefungwa kamba kwenye vifundo. Mzee hakumfukuza, wala hakumkaribisha chai. Wiki saba alikaa hivyo, akijifunza kungoja simu.

Jumapili ya nane simu ya klabu ililia, wakaiendea wote wawili. Mosoti aliongea na mwanawe Kikisii kwa sauti ya kupigia kelele mlima wa pili, kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono wenye simu.

Walizungumza habari za mvua, na za mechi waliyoshinda juzi, na za goti la Nyambeki lililokuwa likimwuma. Kipchirchir alijua dakika zinakwisha.

"Nyambeki. Leo unaweza kukataa?"

Kulikuwa na mkwaruzo wa waya, bahari nzima ya mkwaruzo, na ndani yake mwanamke alicheka, kicheko ambacho hakukisikia tangu Sotik.

"Naweza," alisema. "Hapana, Kip. Si mwaka huu."

Laini ikakatika. Kipchirchir alishika simu kwa muda, akairudisha taratibu mahali pake, akagundua kwamba anatabasamu na machozi yanamtoka. Mosoti alimtazama, akaenda ndani ya stoo, akarudi na vikombe viwili vya chai.

Jumapili iliyofuata, saa ileile, simu ililia tena, na safari hii Nyambeki aliomba kuongea na Kipchirchir kwanza.