Bodi Iliyochomolewa

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa elektroniki. Bosi alimpeleka chumba kisicho na dirisha, akamwekea mezani bodi mpya ya majaribio, ile yenye chipu unayoipangia kazi mwenyewe. "Isipowaka leo, tafuta kwingine pa kula."

Akaiunganisha na kompyuta, akaipakia programu ya kuwasha taa moja. Taa haikuwaka. Spika ya bodi ndiyo ikaanza kukoroma. Akachomoa waya. Mara umeme ukakatika, giza likawa totoro, na mkoromo haukukoma.

Bosi akagonga mlango. "We fundi, bado umo?"

Rafiki yangu akafungua kinywa kuitika, sauti isitoke. Pale mezani, sauti yake mwenyewe ikajibu taratibu, "Ameshaondoka, bosi. Funga tu."