Mabawa ya Joka

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, Chiriku na wenzake wanne walijifungia katika stoo ya vifaa vya michezo kurekodi mchezo wao wa redio. Waliutoa katika riwaya kongwe ya watoto, ile ya binti anayevuka msitu wa mbwamwitu ili kumrudishia joka kipofu macho yake. Wenzake walisoma maneno. Yeye, aliyebandikwa jina la ndege kwa kupenda kuongea, alipewa sauti zote zisizo za watu. Mchele kwenye sinia ukawa mvua. Mwavuli mkubwa wa bibi yake, ukifunguliwa na kufungwa harakaharaka, ukawa mabawa ya joka.

Ijumaa, siku ya mwisho ya kupokea kazi za mashindano ya michezo ya redio, mwalimu wao wa lugha aliwapeleka kwenye kituo cha redio. Mchezo mmoja tu ungerushwa hewani. Fundi mitambo, mzee mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alisikiliza rekodi yao huku amefumba macho. Joka liliporuka, akabonyeza kitufe na kuisimamisha.

"Masharti yanasema kila sauti muitengeneze wenyewe," alisema. "Mabawa haya mmeyanyofoa kwenye simu."

Damu ilimchemka Chiriku. Wiki tatu! Wiki tatu za kuvimba vidole, za bibi kulowa mvua kwa sababu mwavuli uko shuleni, halafu mtu akae kwenye kiti cha kuzunguka aseme wamenyofoa!

"Heshima yako naitunza, babu, lakini hapa umetuonea!"

"Taratibu," mwalimu alimnong'oneza.

"Siwezi, mwalimu! Vipi niitwe mwizi wa kitu nilichokitolea jasho?"

Akauchomoa mwavuli kwapani na kuusogeza kwenye maikrofoni. Fu! Fu! Fu! Joka likaruka palepale. Fundi akavaa miwani, akautazama mwavuli juu mpaka chini.

"Nisamehe, mjukuu wangu, nimekosa," alisema. "Basi naandika kwamba sauti zote ni zenu."

Wenzake wakashangilia. Chiriku aliwakumbuka mbwamwitu. Siku mbili alijaribu kulia kama wao, akatoa mlio wa mbuzi mwenye mafua, ndipo akachukua milio yao kwenye simu ya kaka yake bila kumwambia mtu. Hasira yote ile sasa ikamgeukia yeye mwenyewe.

"Usiandike, babu. Mabawa ni yangu. Mbwamwitu ni wa simu."

"Chiriku!" alifoka msichana aliyeigiza binti. "Ulitudanganya, na sasa umetuponza sote!"

"Ni kweli," alisema Chiriku. "Kosa ni langu peke yangu."

Fundi akatazama saa. "Mapokezi yanafungwa baada ya dakika arobaini. Haya, leteni mbwamwitu wenu."

Wote watano walibweka na kulia mpaka makoo yakakauka. Wengine walifanana na fisi, mmoja na mlango usiotiwa mafuta. Fundi alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaupokea mchezo wao.

"Kudai ukweli unapokufaa, hata mimi naweza," alimwambia Chiriku mlangoni. "Wewe umeusema ulipokuumiza. Kuanzia leo ukiniambia jambo, sitakuomba ushahidi."