Chini ya Kisahani Hakukuwa na Kitu

Jumamosi ya soko mjini Kitale hakuna mtu anayetembea. Watu husukumwa tu. Mchana ule mvua ilikuwa imeshuka ghafla, na wote waliosukumwa wakaishia ndani ya hoteli moja karibu na steji ya matatu, pamoja na vikapu vyao na kuku wao. Harufu ya nyama ya kukaanga ilipigana na harufu ya makoti yaliyolowa.

Weita wa hoteli hiyo walikuwa wawili. Viola alishika meza za upande wa kaunta. Huyo alikuwa na midomo ya rangi na ulimi usiolala. Nasike, msichana wa Kamukuywa, alishika meza za dirishani. Alikuwa mrefu, na meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya. Gauni lake la kazi lilikuwa la rangi ya kahawa, na kola yake nyeupe aliitia wanga mwenyewe mpaka ikasimama kama ya mhubiri. Kila mmoja alikaa kwenye meza zake. Mteja akiridhika aliacha bakshishi chini ya kisahani cha chai, na kilichopatikana kwenye meza yako kilikuwa chako. Hakuna aliyeuliza.

Basi siku hiyo, kwenye meza moja ya Viola, alikaa kijana mwenye koti la ngozi lililochanika kiwiko na gambuti zenye udongo mwekundu wa mlimani. Alikuwa amengoja chakula mpaka mvua ikaanza na ikakatika.

"Madam," alimwambia Viola sahani ilipofika, "hii ni matumbo. Mimi niliomba samaki."

"Si yote ni nyama, bana?" Viola akamjibu, akaenda zake.

Kijana akaitazama sahani kwa upole kama mtu anayetazama mtoto wa jirani. Nasike alikuwa anapita na sinia la vikombe. Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia.

"Dada, wewe unayecheka. Meza zako ni zipi?"

"Za dirishani."

Kijana akachukua kofia yake, akahama. "Haya, nimehamia kwako. Naitwa Nehemiah Kemboi. Nimetoka Kapsokwony na vitunguu, na nina njaa tangu Kapsokwony."

Nasike akamletea samaki wa moto, ugali unaotoa moshi, na ndimu aliyoikata yeye mwenyewe, kisha chai. Kijana alipoondoka, Nasike akainua kisahani, akakuta sarafu zinang'aa, nyingi kuliko bakshishi ya kawaida. Akatoka mbio mpaka barabarani.

"Mzee! Wewe mzee wa vitunguu! Umesahau pesa zako!"

"Mzee ni nani? Nikivua kofia hii utaona haya. Hizo ni zako."

"Za nini sasa? Si samaki umelipa kaunta?"

"Samaki nimelipa. Hizo ni za kicheko."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi pikapu ya vitunguu ilipomaliza kushusha mizigo sokoni, Nehemiah aliketi dirishani. Alikula polepole. Alimuuliza Nasike habari za Kamukuywa, kama mama yake bado anauza ndizi, kama mahindi yameota. Na kila mara aliacha kitu chini ya kisahani. Siku moja aliacha sarafu pamoja na ua la kitunguu, jeupe na la mviringo.

"Hili halinukii vizuri," alisema, "lakini linakaa."

"Wewe nawe! Wenzako wanaleta waridi."

"Wenzangu hawalimi."

Alasiri moja Nasike akiwa ofu, hana zamu, walitembea kwenye kijia cha miti nyuma ya makumbusho. Nasike alivaa blauzi ya njano na viatu vya wazi, akawa anaruka madimbwi. Nehemiah alikuwa akivunjavunja kijiti njia nzima.

"Nasike, mimi sitaki tena kuwa kastama."

"Ati? Sasa unataka kuwa nani?"

"Mtu wa nyumbani."

Nasike alimpa mkono wake, na mkono huo haukurudi mpaka walipofika taa za mjini.

Jumamosi iliyofuata alijipaka mafuta yenye harufu ya nazi. Nehemiah akaja, akala, akatabasamu kuliko siku zote, akaenda. Nasike akainua kisahani. Chini hakukuwa na kitu. Akafuta meza, akatazama sakafuni, akapapasa hata kiti. Jumamosi ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu.

"Nilikwambia," Viola alimwambia jikoni, akisuuza vikombe. "Mwanamume ukishamkubali, thamani yako imeisha. Saa hizi unamhudumia bure kama mchanga wa barabarani."

"Nyamaza, Viola."

"Nimenyamaza. Muulize basi."

Lakini angeulizaje? Msichana aliyelelewa vizuri atamwambiaje mwanamume, mbona siku hizi huniachii pesa? Hiyo ni kuomba, tena kuomba kubaya. Nasike akaimeza ile aibu, na aibu iliyomezwa haikukaa tumboni. Ilipanda ikakaa kwenye sauti.

"Dia wangu, umekula?" Nehemiah aliuliza kwenye simu jioni.

"Nimekula."

"Mbona sauti iko baridi?"

"Ni netiwaki."

"Haya. Jumamosi nitakuja na mtu."

"Si hoteli ni ya kila mtu?"

Kwa upande mwingine wa simu Nehemiah akasema, "Sawa," na ikakatika.

Alikuja na mzee mmoja mwenye koti jeusi la kanisani na viatu vilivyopigwa rangi mpaka vikaonyesha dirisha. Nehemiah mwenyewe alivaa shati la buluu lenye mikunjo ya dukani. Wakaketi dirishani, wima, kama watu wanaongoja picha. Nasike akawaona, akaenda kwanza kwa meza nyingine, kisha nyingine.

"Msichana wangu," mzee akamwita, "niletee maji ya uvuguvugu."

"Nakuja," alisema Nasike, na hakuja. Alipokuja alileta chai iliyofunga utando juu, na mandazi ya jana. Kikombe alikitua kwa kishindo hata chai ikamwagikia kisahani. Nehemiah akamtazama usoni akitafuta mtu aliyemjua. Nasike akaangalia nje, kwenye steji, kama vile makanga walikuwa wanamwita.

Mzee akainuka bila kugusa kikombe. "Nehemiah, mwanangu, twende."

Nehemiah akageuka mara moja mlangoni. Hakuwa na hasira usoni. Afadhali angekuwa nayo.

Jumamosi iliyofuata aliingia, akasimama katikati ya hoteli na kofia mkononi. Nasike akamvutia kiti cha dirishani. Kijana akageuka, akaketi kwenye meza za Viola. Nasike alipita na sinia karibu naye mpaka akasikia harufu ya vitunguu kwenye koti lake, na hakuna aliyemsalimia mwenzake. Alipoondoka, Viola akainua kisahani, akatia kitu mfukoni. Nasike akaona. Akaingia jikoni, akamenya viazi ambavyo hakutumwa kumenya.

Mwezi ulipoisha alifunga nguo zake, akaenda Bungoma, kwa shangazi yake Sellah aliyekuwa na hoteli ndogo nyuma ya soko. Kazi ilikuwa ile ile: chai, maharagwe, samaki. Lakini hakuna meza iliyokuwa na dirisha. Siku za kawaida alizipita vizuri, akiimba hata nyimbo za kwaya. Jumamosi ndiyo ilimshinda. Mlango ukifunguliwa aligeuka, na alipoona si yeye, alijifanya anatafuta kitambaa. Sokoni alipita mbali na wauza vitunguu. Shangazi akimtuma kitunguu, alileta kilichonyauka, mradi asikichague mwenyewe. Maana kule kuchagua, kukiinua kile chenye udongo mwekundu, kulimrudisha Kitale mzima mzima. Mara ngapi alilitafuta jina la Nehemiah kwenye simu, akalitazama likiwaka, akaliacha lizime! Na simu yake yeye ikilia, alikuwa mama yake, au mtu amekosea namba.

"Wewe mtoto umeangusha nini?" Sellah alimuuliza. "Kila saa unaangalia mlangoni."

"Hakuna kitu, shangazi."

"Hicho kitu kina miguu, naona."

Siku moja asubuhi, akipepeta maharagwe, simu ikalia. Alikuwa Viola.

"Nasike wee! Ulienda bila hata kuniambia kwaheri, sawa tu. Sikia. Jamaa yako ameniuliza tena uko wapi."

"Si jamaa yangu. Ni kastama yako. Anakuachia vizuri, niliona."

"Ananiachia, ndiyo. Ngoja basi umalizie kukasirika. Jana nilichoka, nikamuuliza: wewe mbona mimi unaniachia, na Nasike uliacha kumwachia? Ukamwona ni wa bure?"

Nasike akaketi juu ya gunia. "Ulimuuliza hivyo?"

"Si unajua mdomo wangu. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema, 'Wewe ni weita, unafanya kazi, nakushukuru. Nasike ni wangu. Mtu anamwekea mke wake pesa chini ya kikombe, kama mgeni? Kwetu hata mama angelia.' Nasike? Uko?"

"Niko."

"Na yule mzee uliyemnyima maji ni baba yake mkubwa, Kimaiyo. Ndiye alimlea Nehemiah baada ya baba yake kufariki. Alishuka mlima siku hiyo akuone wewe. Kukuona, Nasike, mambo ya posa! Na mimi nilikuwa nakujaza maneno. Nisamehe, bana. Nilikuwa naona wivu kidogo."

Maharagwe yalimwagika kutoka kwenye ungo, na Nasike hakuyaokota. Aliwaza ile mikunjo ya shati la buluu. Nehemiah alikuwa amelinunua kwa ajili ya siku hiyo.

Safari hii hakulitazama jina likizima. Alipiga.

"Haloo?" Sauti ilikuwa na upepo nyuma yake, upepo wa shambani.

"Nehemiah. Ni mimi."

Jibu likaja polepole: "Netiwaki imerudi?"

Nasike akacheka na machozi yakatoka kwa pamoja. "Mbona hukuniambia? Nilidhani umenidharau. Kila Jumamosi nilikuwa nainua kile kisahani…"

"Na mimi nilidhani umejua. Nilisema nataka kuwa mtu wa nyumbani. Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuulizaje? Ungeniona naomba."

"Na yule mzee, Nasike? Mimi ungenipa hata matope, ningekunywa. Lakini yule mzee?"

Nasike akainama, akaanza kuokota maharagwe, moja moja.

"Nataka kukuona," Nehemiah alisema. "Nimekuulizia kwa Viola mpaka nimeona aibu; kukupigia niliogopa ile sauti baridi. Lakini nyumbani jina lako halitajwi, na mimi sioi bila neno la baba mkubwa. Sijui nifanyeje, mpenzi."

"Usifanye kitu. Niambie tu nyumba iko wapi."

Akaondoka Bungoma alfajiri, amevaa sketi ndefu ya buluu na sweta ya shule ya zamani, maana kule juu kuna baridi. Kutoka Kimilili alipanda pikipiki; njia ilisimama mbele yao kama ukuta, na mwendeshaji alimwambia ashike sana, asiangalie nyuma. Nehemiah alimpokea barabarani, amekonda. Hawakukumbatiana, kwa kuwa kuta za nyumba ya mzee zilikuwa zinawaona. Alimgusa kiwiko tu, na Nasike akausikia mguso huo mpaka begani.

Mzee Kimaiyo alikuwa ameketi kwenye jua, akichambua mbegu za maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Mzee," Nasike alisema, akapiga goti, "ni mimi yule msichana wa hoteli."

"Nakujua. Nilikuwa na dawa mkononi siku ile. Nilitaka maji ya kuimezea."

Nasike angeweza kusema hoteli ilijaa. Angeweza kumtupia Viola lawama, na isingekuwa uongo wote.

"Nilikuwa na hasira na mtoto wako," alisema, "nikaimwaga kwako. Wewe hukunikosea kitu. Nimekuja kusema hivyo tu, hata kama nitarudi leo."

Mzee akaendelea kuchambua. Kuku akapita katikati yao, akadonoa mbegu, hakuna aliyemfukuza. Nehemiah alisimama mbali, mikono imemning'inia.

"Sasa nyinyi mkikosana ndani ya nyumba," mzee akauliza, "wageni wangu watakufa kiu?"

"Hapana, mzee. Nikikosana naye nitamwambia. Nitamwambia kabla wageni hawajaketi."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, mpaka asikie."

Bega la mzee likaanza kutikisika, na Nasike akadhani analia, kumbe anacheka. Akamwita Nehemiah. "Mwanangu, umesikia? Utapigiwa kelele."

"Nimesikia, baba."

"Na bado unataka?"

"Nataka."

Mzee akafuta mikono kwenye koti, akamnyoshea Nasike mkono ainuke. "Mulembe," akamsalimia kwa lugha ya kwao Nasike, akiitamka vibaya, kwa bidii kubwa. "Huko Kamukuywa, baba yako anashinda nyumbani siku gani? Nataka kujua siku ya kuja."

Nasike alifungua mdomo amtajie siku, na siku zote saba zikampotea. Ikabidi Nehemiah amjibie.