Aliyeugua Kwanza

Vidonge vilicheza ndani ya kopo, chaka-chaka, kabla hakujapambazuka. Kanyiva alisikia akiwa kitandani, nyumbani kwao Uthiru, akamfuata mumewe jikoni kwa mwanga wa simu. Mwangangi alikuwa na dawa za HIV mkononi. Tangu wagongane kwenye foleni ya Posta mjini, mumewe alikuwa akimwita "asali". Siku hizi shati lake la kijani lilimning'inia kama la mtu mwingine.

"Ulienda kwa nani?"

"Sijaenda kwa mtu, Mama Kaluki."

"Basi virusi uliuziwa dukani."

Asubuhi Kanyiva alifunga nguo za mtoto kwenye leso akahamia Jamhuri kwa dadake, Mwongeli. Mume akipiga simu, alimtukana hadi salio likaisha. Mwongeli alichochea: anayeugua kwanza ndiye aliyeleta, na wewe tazama ulivyonona.

Kliniki ikawaita mama na mtoto wapimwe. Kaluki, aliyezaliwa kwa nyanyake Kitui bila mamake kupimwa, alikuwa salama. Kanyiva alikuwa na virusi.

"Amenimaliza," alisema.

Daktari Navneet alitikisa kichwa. Virusi vya Kanyiva vilikuwa vichache mno, mashine iliviona kwa shida, ilhali hakuwa amewahi kumeza kidonge.

"Kuna jeni unazorithi kwa wazazi," alieleza. "Huwasaidia askari wa mwili kuitambua seli iliyovamiwa. Huenda zako ni kali, za mumeo zikalegea. Kwa hiyo kuugua hakuonyeshi nani alianza. Huenda ulikuwa na virusi miaka mingi kabla yake."

Kanyiva alimkumbuka mwanamume wa kabla ya Posta, ambaye hakumtaja kamwe. Alipokea dawa, kwani hata mwili wenye nguvu huchoka, akarudi Uthiru na Kaluki.

Mwangangi alifungua mlango nusu.

"Umefuata sufuria?"

"Nina virusi pia. Pengine ni mimi nilivileta."

Mwangangi aliushikilia mlango.

"Uliniita mbwa."

"Nilikuita."

Hakumsamehe. Aliuachia mlango tu, akaketi mbali na kumpa kisogo. Wakati wa chakula cha jioni alileta kopo lake mezani, peupe, bila kujificha. Kanyiva akatoa lake kwenye mkoba, akaliweka kando ya lile.

Kaluki aliyatazama yote mawili.

"Mama pia ana dawa."