Dakika ya Kabla ya Ajali

Walikutana kwenye foleni ya kuosha magari, mvua ikinyesha. Fundi wa kamera za magari alimwona mfamasia akishuka na gauni la kijani, miwani imejaa matone, akashindwa kujizuia.

"Dada, nani anaosha gari mvuani?"

"Na nani anauza kamera mvuani?"

Dakika chache baadaye fundi alikuwa akimfungia kamera kwenye kioo cha mbele, bila haraka yoyote.

"Inanasa na maneno?"

"Hata ukinisengenya."

"Basi nitakusengenya kwa adabu."

Wakapendana miezi minane, hadi fundi akaanza kutafuta nyumba ya wawili. Ndipo pikipiki ikaligonga gari la mfamasia ubavuni. Hakuumia. Alimletea fundi kadi ya kamera amtolee ushahidi wa bima.

Fundi alikuwa na wimbo mmoja kwa wateja wote: usihukumu ajali kabla ya kuona dakika iliyotangulia. Siku hiyo akafungua dakika ya ajali tu. Kamera hukata picha vipande vya dakika moja moja, na dakika hii ilianzia katikati ya sentensi, mfamasia akiongea na dada yake kwenye simu, kama anayejaribu maneno ya kumwachia mtu: "...fundi wa kubandika kamera, huna mbele wala nyuma. Mimi sikutaki." Halafu kishindo.

Akamtumia mfamasia picha za bima bila neno, na kwa wiki tatu hakupokea simu yake.

Wiki ya nne, karani wa bima akataka dakika ya kabla. Fundi akaifungua huku amenuna.

"Dada, hebu sikia maneno ambayo mama anataka nimwambie fundi wangu," sauti ya mfamasia ilisema. "Eti nimwambie, wewe ni..."

Dakika ikakatikia hapo. Fundi alifika duka la dawa akihema.

"Nimesikia yote. Nisamehe, mpenzi."

Mfamasia aliendelea kupanga chupa kwenye rafu. "Na karani asingeitaka hiyo dakika?"

Fundi alisogea hadi kwenye kaunta.

"Nimegombana na mama kwa ajili yako. Nikakupigia kila siku, ukashindwa hata kuniuliza." Alivua miwani, akaifuta. "Bado nakupenda, sikufichi. Ila siwezi kuolewa na mtu wa kuniamini kwa ushahidi." Akamsukumia ufunguo wa gari. "Nenda kaitoe kamera yako."

Kamera ilibanduka upesi, gundi ikabaki kwenye kioo. Fundi aliikwangua kwa kucha, taratibu sana, maana akimaliza hatakuwa na sababu ya kukaa ndani ya gari lile.