Msumari wa Thelathini na Mbili

Kila tarehe tatu Oktoba, jua likizama, mimi hupanda kilima cha Karn, hapa Montana, kugonga kengele ya mnara wa mgodi wa zamani: pigo moja kwa kila mchimbaji aliyeteketea katika moto wa 1911.

Walikufa thelathini na wawili. Jiwe la kumbukumbu limeandika thelathini na mmoja. Aliyeachwa ni babu yangu, Digory Penhallow. Kampuni ilidai alitoroka zamu.

Uongo mtupu! Kila mchimbaji alichukua kibati chake cha shaba kwenye ubao wa misumari pale mnarani aliposhuka, akakitundika tena alipopanda. Vibati vya wale thelathini na mmoja vilirudishwa pamoja na miili yao; msumari wa thelathini na mbili, wa babu, haujapata kibati tangu siku ile. Hakupanda. Msimamizi Kitto alifunga mlango wa chuma kuuokoa mgodi, babu akiwa upande wa pili.

Mjukuu wa Kitto, Woodrow, ndiye mwenyekiti wa mji. Alinisubiri chini ya mnara.

"Mzee Penhallow, leo thelathini na moja. Ukizidisha, ufunguo wa mnara nauchukua."

"Utazame msumari ule, Woodrow."

"Msumari hauna ulimi, mzee wangu. Babu yako alikufia California, glasi ya bia mkononi."

Akateremka akicheka.

Nikagonga. Ishirini na tisa... thelathini... thelathini na moja.

Nikaishia hapo. Kwa ajili ya ufunguo!

*Ngo...*

Kutoka chini.

Shimo la mgodi chini ya mnara limejaa maji; niliyapima mwenyewe nilipokuwa kazini, futi mia tisa. Hata hivyo ikapanda harufu ya mbao zinazoungua. Kisha hatua, nzito, zilizolowa, zikanipita.

"Babu?" nilinong'ona.

Nikaugeukia ubao.

Kwenye msumari wa thelathini na mbili kilining'inia kibati. Kilichuruzika maji. Nilipokigusa, kiliniunguza.

Nyayo za masizi ziliteremka kuelekea nyumbani kwa Woodrow. Hadi mlangoni kwake ni hatua mia sita na arobaini, dakika saba. Simu ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilizihesabu dakika zote saba.

Asubuhi Woodrow alikutwa nyuma ya mlango wake, kucha zimekatika, mapafu yamejaa moshi. Nyumba nzima haikuwa na hata cheche.

Kila jioni napanda kuutazama ubao. Kibati bado kipo. Hajarudi chini.

Nami ndimi niliyegonga thelathini na moja.